Kupiga Picha za Harusi Mbeya: Jifunze Mwanga Kabla ya Kupokea Advansi

Pete ikishavishwa imevishwa. Mchungaji hatarudia kwa sababu kamera yako imegoma kufokasi. Ndiyo maana namsihi kila kijana anayeanza: matukio ya mara moja yafanyie mazoezi kabla hujachukua pesa ya mtu.

Hatua ya 1: Kamera moja, lenzi moja

Usikope. Kamera iliyotumika inayobadilishwa lenzi, pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (tundu pana linaloingiza mwanga mwingi), inatosha kujifunzia. Mwombe ndugu yako avae shati jeupe, umpige dirishani, mlangoni, kisha chini ya mparachichi saa sita mchana. Zoezi hili lina uzito kuliko unavyodhani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na sura ya bibi harusi inakuwa giza. Suti nyeusi ikijaa, kamera huzidisha mwanga na gauni linaungua, nakshi zote zinapotea. Piga kwa RAW (faili ghafi linalokuachia nafasi ya kurekebisha baadaye), washa alama inayomweka kwenye sehemu zilizoungua, na rekebisha mwanga mwenyewe mpaka sura na shati vyote vionekane.

Hatua ya 2: Flashi

Usimmulike mtu usoni moja kwa moja. Elekeza flashi kwenye dari au ukuta mweupe, mwanga urudi ukiwa laini. Ukumbini anzia kasi ya shata 1/125 ya sekunde, f/2.8, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), halafu rekebisha. Angalia mapambo kwanza: dari likifunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi na zambarau hiyo hiyo kwenye ngozi za watu. Hapo tafuta ukuta mweupe, au tumia kadi nyeupe juu ya flashi.

Kanisani, muulize padri au mchungaji kabla ya ibada kama flashi inaruhusiwa. Akikataa, zima, pandisha ISO, wala usibishane.

Hatua ya 3: Mfuate mkongwe

Mbebee begi, mshikie taa, kuanzia sendofu hadi ukumbini. Kitu cha kuiba kwake ni mahali anaposimama. Mkongwe hufika mbele ya meza ya wazazi kabla MC hajawaita kulishwa keki, kwa sababu ratiba ameisoma mapema na MC ameongea naye. Kamera hata dukani ipo. Ujuzi huo haupo.

Hatua ya 4: Baridi na mvua

Juni na Julai, ukitoka kwenye baridi ya nje na kuingia ukumbi uliojaa watu, lenzi hushika ukungu. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, ndipo uitoe. Kufuta kwa kitambaa hakusaidii, ukungu unarudi. Kwa harusi za Tukuyu, tafuta mapema baraza pana lenye upande ulio wazi. Mvua ya kule haisubiri kamati imalize vikao.

Hatua ya 5: Kazi ya kwanza ya kulipwa

Anza na ubatizo au kipaimara. Usifute memori kadi mpaka picha zikae sehemu mbili, moja nje ya nyumba yako. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: saa za kazi, idadi ya picha, advansi, tarehe ya kukabidhi. Tarehe hiyo ipange kwa kuhesabu na siku za umeme kukatika.