Kabla Hujawatumia Wenzako Picha ya Feri

Chukua mfano huu: picha ya chombo kilicholala ubavu inaingia katika kundi la familia, na chini yake imeandikwa, "Feri ya Likoni inazama sasa hivi, wajulishe wenzako." Mji wa Mombasa, uliopoteza watu zaidi ya 250 katika ajali ya feri ya Mtongwe mwaka 1994, hauwezi kuupokea ujumbe kama huo kwa utulivu, na mzushi analijua hilo, kwani mwenye ndugu ng'ambo husambaza kwanza, akasoma baadaye. Watafiti wa chuo cha MIT waliochunguza habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017 walikuta kwamba uongo ulikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ukweli, na kwamba waliouchochea hasa ni watu, wala si programu zinazojiendesha.

Anza na picha yenyewe. Itanue kwa vidole utazame pembeni, kwa sababu mzushi hutegemea uangalie katikati tu: ukiona milima nyuma ya maji, au safu za madirisha ya vyumba vya kulala, hicho si chombo cha kuvushia watu na mikokoteni Likoni. Kisha ipitishe katika Google Lens, zana ya kutafuta kwa kutumia picha, uone kama iliwahi kuchapishwa kwingine miaka ya nyuma.

Tazama pia mishale miwili ya WhatsApp, inayoonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mitano au zaidi. Alama hiyo haithibitishi uongo, ila aghalabu aliyekutumia hakushuhudia kitu, hivyo mwulize, "Umeona mwenyewe, au umeletewa?" Ujumbe wa sauti hauna cha kutanua, basi mpigie simu mtu aliyeko kivukoni.

Kusahihisha ndiko kugumu, hasa aliyekosea akiwa mkubwa wako, kwani ukimkosoa mbele ya kundi atatetea heshima yake na picha itabaki palepale. Mwandikie faraghani, ukitanguliza ukweli badala ya kuurudia uzushi: "Shikamoo mjomba. Feri zinavuka kama kawaida, nimempigia mtu aliyeko Likoni. Ile picha ni ya zamani, tena si ya hapa kwetu; nakuomba uifute, na ukipenda uwaambie wenzetu kundini wewe mwenyewe."