Saladi ya Nyama ya Ng'ombe ya Kivietinamu: Kavu, Kali na Yenye Kunukia

Kusini mwa Vietnam huitwa gỏi bò, kaskazini nộm bò. Ukiiona utadhani ni kachumbari iliyotiwa nyama, ila haina nyanya, na mboga zake hukamuliwa maji kabla ya kuchanganywa. Ukiruka hatua hiyo, ndani ya dakika kumi bakuli litaogelea na ladha yote itakuwa imezama chini.

Vipimo hivi vinatosha watu wanne.

Anza na mboga. Chukua matango mawili, yapasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, kisha kata vipande vyembamba. Karoti mbili zikate ziwe kama njiti za kiberiti. Nyunyizia vyote kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha dakika 15, suuza haraka na ukamue kwa kitambaa safi hadi maji yaache kudondoka. Kitunguu maji kimoja kikate pete nyembamba, ukiloweke kwenye vijiko 3 vikubwa vya siki na kimoja cha sukari. Ukali utapungua na kitabaki kikivunjika mdomoni.

Nyama iwe sarara, gramu 400. Ifunge na uiweke kwenye friza dakika 40, igande nusu ili kisu kisiteleze. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikatiza, unene wa milimita 3. Ukizifuata nyuzi, hata sarara itakuwa ya kutafuna kama mpira. Changanya na kijiko cha chai cha sosi ya samaki, nusu kijiko cha chai cha sukari, pilipili manga na kijiko kikubwa cha mafuta. Ndimu usitie hapa. Asidi hukaza nyama na kuitoa maji.

Sosi ndiyo roho ya chakula hiki. Nước mắm, yaani sosi ya samaki, ikiwa nzuri ina samaki na chumvi, vilivyochachuka pamoja karibu mwaka mzima, soma lebo. Samaki wenyewe huitwa cá cơm, na cơm ni wali. Pwani yetu nako kuna dagaa mchele, wa jamaa hiyohiyo! Usiweke sosi ya soya badala yake, ladha ni nyingine kabisa.

Yeyusha vijiko 3 vikubwa vya sukari kwenye vijiko 3 vya maji ya moto. Subiri yapoe, ndipo utie vijiko 3 vya sosi ya samaki na 3 vya maji ya ndimu, kwani ndimu ikikutana na moto hupoteza harufu yake. Mwisho weka punje 2 za kitunguu saumu na pilipili mbuzi nusu, vyote vimekatwakatwa. Onja: chumvi, uchachu na utamu vifike pamoja, kimoja kisimfunike mwenzake.

Pasha kikaango hadi kianze kutoa moshi. Weka nusu ya nyama, itandaze, iache sekunde 30 bila kuigusa, geuza, sekunde 30 nyingine, toa. Rudia na iliyobaki. Ukimimina yote mara moja kikaango kitapoa na nyama itachemka kwenye maji yake, ya kijivu na ngumu. Kuna aina nyingine, bò tái chanh, ambayo nyama huachwa nusu mbichi na kukolezwa ndimu. Ndimu hubadilisha rangi tu, haiondoi hatari ya tegu, kwa hiyo nyumbani ipike iive.

Acha nyama ipoe dakika 5, la sivyo itanyausha majani. Changanya na mboga, kitunguu kilichochujwa, konzi mbili za nanaa, moja ya kotmiri na mrihani kidogo ukipata. Chana majani kwa mkono, kwani kisu huyafanya meusi. Mwagia theluthi mbili ya sosi, geuza, onja kabla ya kuongeza.

Karanga zilizokaangwa, gramu 50, zitwange ziwe chengachenga na uzinyunyize juu watu wakiwa tayari wameketi.