Kununua stesheni wagoni ya mkononi kwa ajili ya familia, Moshi na Arusha

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Pasua hapa Moshi. Tuna watoto wanne, na bibi yao yuko Marangu. Safari zetu ni zilezile mwaka mzima: shule, kanisani, soko la Mbuyuni, Marangu mara mbili kwa mwezi, na kila muhula ukianza tunampeleka mkubwa bweni Arusha na tranka, godoro na ndoo yake. Tukitoka Marangu hatuji mikono mitupu. Bibi hawezi kuwaacha wajukuu waondoke bila mkungu wa ndizi.

Kwa maisha hayo, gari linalotufaa ni stesheni wagoni: Fielder, Probox, Succeed, Caldina, Wingroad. Noah ni nzuri kwa nafasi, ila inakunywa mafuta zaidi, na nyingi zinazouzwa huku zimeshabeba abiria wa njia ya Himo na Rombo kwa miaka. Saluni, yaani gari dogo la kawaida lenye buti la kujitenga, haimezi tranka. Kabla ya kwenda kuangalia gari lolote nilipima tranka la mtoto kwa futi kamba, nikaandika urefu, upana na kimo kwenye karatasi, na karatasi ile nilitembea nayo kila yadi. Fanya hivyo. Buti huonekana kubwa likiwa tupu.

Sasa nizungumzie kilomita, maana hapo ndipo nilipoumia. Mwaka 2019 nilinunua wagoni yenye kilomita 98,000 kwenye dashibodi. Dalali alinihakikishia, "Mwalimu, hili halijaguswa spana." Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini, namba ilikuwa chini ya laki moja na nikaona nimepata. Mwezi wa nne tukiwa tunarudi kutoka Arusha usiku, gari likachemsha karibu na Boma Ng'ombe, watoto wamelala nyuma. Lilikuwa limeunguza gasketi ya silinda hedi. Kesho yake gereji, fundi alifungua mlango wa dereva, akainama, akanionyesha kistika kidogo kilichofifia kwenye ukingo wa bodi, pale mlango unapojifungia. Maandishi ya Kijapani, na katikati yake namba: 25, kisha 3, na chini yake 131,480.

Kistika kile ndicho ninachotaka ukijue kuliko kitu kingine chochote hapa. Gereji za Japani zikibadilisha oili hubandika karatasi yenye tarehe na kilomita, ama mlangoni ama chini ya boneti. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu yao wenyewe, ya enzi za wafalme wao. Kwa enzi ya Heisei unajumlisha 1988: hiyo 25 ni mwaka 2013, na 3 ni mwezi Machi. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, na hiyo unajumlisha 2018. Kwa hiyo gari langu Machi 2013 lilikuwa limeshafika kwenye 131,000, na miaka sita baadaye mimi nikauziwa likiwa na 98,000. Vistika vingine huandika kilomita za kubadilisha oili mara ijayo, lakini tofauti yake ni elfu chache tu, haiwezi kufunika uongo wa namna ile. Anayerudisha kilomita hushughulika na dashibodi, akasahau karatasi ya mlangoni. Ukikuta kistika kimebanduliwa na gundi imebaki, uliza kwa nini.

Kama hakuna kistika, soma gari lenyewe. Kanyagio la breki lililolika raba hadi chuma, usukani uliong'aa kwa juu, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango: hayo hayaji kwa kilomita 80,000. Angalia na nyuma pia. Vitasa vya milango ya nyuma vilivyochakaa kuliko vya mbele, na kiti cha nyuma kilichokaa kama kimekaliwa na kijiji, ni dalili kwamba gari lilikuwa mchomoko, yaani la kubeba abiria wa njiani kwa nauli. Gari la namna hiyo limebeba watu saba kwenye nafasi ya watano, kila siku, miaka.

Tangu siku ile sitafuti tena gari lenye namba ndogo. Natafuta gari ambalo namba yake ni ya kweli na mwenye nalo anaweza kunieleza alilifanyia nini. Fielder tuliyo nayo sasa ni ya mwaka 2004, niliinunua ikiwa na kilomita 214,000, kwa milioni 8.7, kutoka kwa baba mmoja wa Usa River ambaye alitoa bahasha yenye risiti za spea alizonunua kwa miaka mitano. Injini ya 1NZ ya lita 1.5 ikibadilishiwa oili kwa wakati, laki mbili si uzee. Isipobadilishiwa, hata laki moja ni nyingi.

Kwenye injini hiyo ya 1NZ kuna jambo jingine zuri: cheni ya taimingi, inayozifungua valvu kwa wakati wake, ni ya chuma, si mkanda wa raba. Caldina za zamani na Subaru Legacy za zamani nyingi zina mkanda, nao hubadilishwa kwenye kilomita laki moja hivi. Ukikatika, kwenye injini nyingine valvu hugonga pistoni. Muuzaji asipokuwa na ushahidi kwamba mkanda umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uitoe gharama hiyo kwenye bei. Fielder ya lita 1.8 yenye injini ya 1ZZ ina nguvu ya kupanda milima, lakini zile za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili. Utaitambua kwa namba ya chesisi: NZE121 ni ya 1.5, ZZE122 ni ya 1.8, NZE124 ni ya 1.5 inayovuta tairi zote nne.

Gia boksi nina msimamo nayo. Fielder ya toleo langu, ikiwa oto, ni ya gia nne za kawaida, na kila fundi wa hapa anaijua. Toleo lililofuata, NZE141 lililoanza mwaka 2006, zile za 1.5 oto mara nyingi zina CVT, gia boksi ya oto isiyo na ngazi za gia. CVT ni laini na inabana mafuta, ila inataka oili yake maalumu, na hujui ni nani aliwahi kuiwekea oili yoyote aliyoikuta dukani. Kwa gari lenye kilomita nyingi na historia usiyoijua, mimi nachukua gia nne, au manyuo, yaani gia za mkono.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, rudi kesho. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Kifunguliwe wakati injini ni ya baridi tu, kikiwa cha moto kinaunguza uso. Ndani unataka kuona kulanti yenye rangi yake, kijani au nyekundu. Maji ya kutu yanakwambia kwamba mwenye gari amekuwa akijaza maji ya bomba. Ukiona utando wa oili juu yake, funga na uage. Kisha fungua mfuniko wa kumiminia oili, uugeuze: ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji na oili vinakutana ndani, ingawa kwa gari la safari fupi fupi kidogo chake huweza kuwa mvuke tu. Mwache fundi aamue.

Ukiwasha, mwombe mtu asimame nyuma aangalie ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokata hata injini ikishapata moto ni maji. Na kabla hujawasha kabisa, zungusha ufunguo hadi hatua ya kabla ya kuwaka uhesabu taa za dashibodi: taa ya injini, ya oili, ya ABS, ya eabegi. Zote lazima ziwake kwanza ndipo zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda balbu yake imetolewa makusudi ili usijue.

Halafu lipeleke mlimani. Huu ndio upendeleo tulio nao watu wa huku, na sielewi kwa nini mtu wa Moshi anajaribu gari kwa kuzunguka mnara wa saa. Mji wetu uko kwenye mita 800 na kidogo. Lango la Mweka, la Mlima Kilimanjaro, liko juu ya mita 1,600. Pakia watu watano, kwa sababu ndivyo utakavyolitumia, shika barabara ya Mweka na upande. Watu wa Arusha wana mwinuko wa Ilboru. Tazama mshale wa joto: unapaswa kupanda hadi karibu na katikati na kutulia hapo. Ukiendelea kupanda, lina tatizo la rejeta, feni, pampu ya maji au gasketi. Usipofika katikati hata baada ya mlima, kuna uwezekano thamostati, kivalvu kinachoongoza maji ya kupozea injini, imetolewa. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, na wanaificha tu shida iliyolichemsha. Gari langu la kwanza halikuwa na thamostati.

Ukiwa unapanda, sikiliza gia zinavyobadilika. Injini ikivuma halafu gari lisiongeze mwendo, gia boksi inateleza. Ukishuka ndipo unapima breki: usukani ukitetemeka, diski zimepinda, gari likivuta upande, kuna kalipa iliyokwama. Kwenye kipande cha vumbi punguza mwendo, fungua vioo, uzime redio. Kugonga kwa mbele ni bushi, boljointi au stabilaiza linki, vitu vya kubadilishwa bila kukopa. Tumia kugonga huko kupunguza bei, usikuache gari zuri kwa ajili yake. Ukikata kona kali na tairi la mbele likatoa mlio wa tak-tak-tak, hiyo ni drafti shafti, na hiyo ni ghali kidogo.

Mkirudi, watu watano wakiwa bado ndani, simama pembeni ulitazame. Nyuma ikiwa imelala, springi zimechoka. Kwa wagoni ya familia hilo si la kupuuza, maana mzigo wote unakaa huko. Vuta mkanda wa kila kiti cha nyuma hadi mwisho uuachie urudi wenyewe. Inua kapeti za miguuni unuse na utazame reli za viti: harufu ya ukungu na kutu iliyochanua pale chini ni gari lililoingia maji ya mafuriko, na hayo huletwa kutoka mbali yakauzwa ambako hakuna anayeyajua. Tairi zina namba nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka minane likiwa na kashata nzuri bado ni tairi la miaka minane.

Makaratasi usiyaache hadi mwisho kwa kuona haya. Jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la mtu aliyekaa mbele yako, na umwombe kitambulisho. Magari mengi yamepita mikono mitatu bila kuhamishwa, na ukilinunua hivyo unanunua kazi ya kumtafuta mtu aliyehamia Mwanza. Linganisha chesisi na injini na kadi kwa macho yako, namba kwa namba. Kama kadi iko kwa mkopeshaji, malizaneni na mkopeshaji kwanza. Tafuta faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kabla ya kulipa. Mkataba uandikwe kwa wakili, hela ipite benki, na uhamisho ufanyike TRA, mamlaka ya mapato, mara moja.

Usilipe hela yote uliyo nayo. Mimi nilibakiza milioni moja na nusu, na wiki ya kwanza ilitoka karibu yote: oili na filta, oili ya gia boksi, kulanti mpya, thamostati, plagi, breki padi za mbele, tairi mbili. Fundi alitaka kuosha gia boksi kwa presha. Nilikataa, tukamwaga oili ya zamani tukajaza mpya taratibu, kwa sababu gia boksi ya umri huo sitaki isukumwe uchafu ndani.

Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna daftari la shule la kurasa 80. Kila ukurasa nimeugawa safu nne: tarehe, kilomita, kilichofanyika, shilingi. Mstari wa kwanza unasema 214,306, oili na filta. Jumamosi iliyopita, tukitoka Marangu na ndizi nyuma, binti yangu wa tatu aliandika 251,870.