Kutafuta panapoingia joto kwenye ghala la samaki kwa kamera ya joto

Mafundi wengi husema baridi inavuja. Kinachosafiri ni joto: linatoka nje, penye nyuzi 28 za usiku wa joto wa Mombasa au Dar es Salaam, na kuingia kwenye chumba kilicho nyuzi 20 chini ya sifuri. Linaingia pamoja na mvuke, na mvuke huo ndio unaoganda kwenye evapureta (kipoozeo kilicho ndani ya chumba) na kuinyima kompresa mapumziko. Kwa hiyo ukisimama nje ya chumba, unatafuta sehemu iliyopoa kuliko jirani zake.

1. Kamera. Ya kuchomeka kwenye simu haifai kwa kazi hii. Chukua yenye pikseli 320 kwa 240, inayotofautisha nyuzi 0.05, na inayohifadhi joto la kila pikseli ndani ya picha. Kwa lenzi inayoona upana wa digrii 24, ukiwa mita 10 pikseli moja hufunika milimita 13 hivi, na kipimo cha kuaminika kinahitaji angalau pikseli 3 kwa 3. Ungio la milimita 5 kati ya paneli za ukuta halipimiki kutoka umbali huo. Sogea.

2. Muda. Kuanzia saa kumi alfajiri hadi kabla ya jua kuchomoza. Ukuta uliopigwa na jua mchana hubaki na joto kwa saa kadhaa na kuficha kila kitu. Upepo ukiwa mkali, ahirisha.

3. Maandalizi. Milango ifungwe kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima, na uyeyushaji wa barafu kwenye evapureta usiangukie wakati wa kupiga picha. Pima joto na unyevu wa hewa nje.

4. Nyuso zinazong'aa. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Kamera haipimi joto moja kwa moja. Inapokea mionzi, halafu inakokotoa. Paneli ya bati lililopakwa rangi hutoa karibu mionzi yake yote, kwa hiyo weka emisiviti (uwezo wa uso kutoa mionzi yake wenyewe, kuanzia 0 hadi 1) 0.95 na utakuwa salama. Lakini mlango wa chuma cha pua usiopakwa rangi uko karibu na 0.2, na fremu ya alumini iko chini zaidi. Kwenye mlango huo, karibu asilimia 80 ya kinachoonekana ni mwakisiko wa vitu vingine: taa, paa, mwili wako mwenyewe. Kubadilisha namba ya emisiviti kwenye menyu hakutakuokoa, kwa sababu kosa dogo la namba hiyo huzaa kosa la nyuzi nyingi.

Fanya hivi. Bandika vipande vya tepu nyeusi ya umeme, sentimita 5 kila kimoja, kandokando ya fremu. Subiri dakika 10 vilingane na chuma, kisha pima juu ya tepu kwa emisiviti 0.95. Ili kupata joto la mwakisiko, kunja karatasi ya alumini hadi ijae makunyanzi, ikunjue, iweke penye ukuta unaopimwa, weka emisiviti 1.0 na usome wastani wake. Ingiza namba hiyo kwenye kamera na urudishe 0.95. Simama pembeni kidogo, usikabiliane na ukuta uso kwa uso. Ukiona doa, hama hatua mbili: doa likihama nawe, ni mwakisiko.

Kuta za nje zilizo wazi kwa anga zina mtego wa pili. Usiku usio na mawingu zinapoteza joto kwenda angani na kupoa kuliko hewa hata zikiwa nzima. Huko linganisha paneli na paneli inayotazama upande uleule, usilinganishe na hewa.

5. Funga skeli, yaani mpaka wa joto linaloonyeshwa kwa rangi. Kwa mkono, mfano nyuzi 20 hadi 30. Ikijipanga yenyewe, tofauti ya nusu nyuzi hupakwa rangi kama msiba. Hakikisha picha imelengwa vizuri. Emisiviti hurekebishika ofisini, ukungu wa lenzi iliyokosa kulengwa haurekebishiki.

6. Kusoma. Paneli nzima ya milimita 150, chini ya paa, huwa imepoa kuliko hewa kwa nyuzi 1 hivi tu. Nyuzi 2 ni dalili kwamba kinga ya paneli dhidi ya joto imepungua karibu nusu. Mstari ulionyooka ni ungio au chuma kinachopitisha joto. Michirizi kama manyoya kandokando ya mpira wa mlango ni hewa. Mabaka yasiyo na umbo, hasa chini ya paneli, ni maji yaliyolowesha povu la kuzuia joto lililo ndani ya paneli. Kwa hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, sehemu iliyoshuka hadi nyuzi 24 itatoka jasho, na jasho hilo huipasha moto kidogo, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko picha. Mstari wa moto kuzunguka mlango wa chumba cha kugandisha ni waya wa kuzuia barafu, uache.

Usiingie na kamera ndani: nyingi hazijatengenezwa kwa baridi kupita nyuzi 15 chini ya sifuri. Ukilazimika, ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na uiache humo hadi ipate joto la nje.

7. Ukarabati. Ziba upande wa nje, wenye joto, kwanza. Silikoni ikipakwa ndani tu, mvuke utaendelea kuingia na kugandia katikati ya paneli. Matundu ya mabomba yajazwe povu la poliyurethani, kisha yafunikwe kwa silikoni. Piga picha tena kwa skeli ileile. Paneli iliyolowa haitapona kwa kuzibwa. Itolewe, iwekwe mpya.