Meza ya Kupimia Kabureta za Pikipiki Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Kabureta ikimwaga mafuta, hukumu hutolewa haraka: imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni ncha ya mpira ya sindano ya floti (boya dogo la ndani; likipanda huisukuma sindano izibe mafuta), au punje moja ya vumbi imekaa chini yake. Ikiwa bado imefungwa kwenye injini hutajua, kwa sababu plagi, valvu na kabureta vyote hulalamika kwa sauti moja. Iweke mezani peke yake, ndipo ijulikane kosa ni la nani.

Vifaa: ubao wa sentimita 60 kwa 40, nguzo ya mbao ya sentimita 90, tangi dogo la jenereta lenye koki, mpira mpya wa mafuta wenye kichujio, sinia ya bati, rula ya chuma, na bomba la sindano la hospitali la mililita 20. Ongeza mita 2 za mpira mwangavu, ule wa fundi ujenzi wa kupimia leveli ila mwembamba, na T ndogo ya plastiki kutoka kwenye mpira wa kunyunyizia maji kioo cha gari. Petroli mililita 300 zinatosha. Usiweke zaidi.

Kuijenga. Simamisha nguzo ukingoni mwa ubao na uikaze kwa skrubu. Mbele yake funga kipande cha chuma bapa cha milimita 4 chenye mashimo marefu badala ya ya duara, kwa kuwa nafasi ya bolti hutofautiana kati ya kabureta na kabureta. Funga tangi juu ya nguzo ili uso wa petroli uwe sentimita 40 juu ya mdomo wa kuingizia mafuta. Sinia ikae chini ya yote.

Fanyia kazi nje, chini ya mwarobaini, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Jiko la mkaa, sigara na chaji ya simu vikae mbali. Wapo wanaonyonya hewa kwenye kabureta yenye petroli kwa mashine ya kufyonzea vumbi ili kuigiza injini. Usithubutu: mota yake hutoa cheche, na mvuke wa petroli unapita hapohapo.

Kipimo cha kwanza, bila petroli. Hiki ndicho kinachookoa kabureta nyingi, kwa hiyo kifanye taratibu. Kata sentimita 120 za mpira mwangavu, ukunje kama herufi U, uufunge kwenye nguzo kando ya rula, ujaze maji yenye rangi hadi nusu. Mkono mmoja wa U uache wazi, mwingine uunganishe na T. Njia ya pili ya T iende kwenye bomba la sindano, ya tatu kwenye mdomo wa mafuta wa kabureta.

Kwanza pima vifaa vyako: ziba njia ya tatu kwa kidole, sukuma hewa, uone maji yanatulia. Mpira usiobana umewahi kusingiziwa kuwa sindano mbovu.

Sasa fungua bakuli, kile kikombe cha chini kinachoshika mafuta, pindua kabureta juu chini ili uzito wa floti ufunge sindano. Sukuma hewa mpaka tofauti ya maji iwe sentimita 30. Hiyo ni sawa na petroli ya sentimita 40, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji. Hesabu dakika moja. Maji yakikaa palepale, sindano ni nzima. Yakishuka, usiibonyeze floti kwa kidole, utaficha ugonjwa. Toa sindano, iangalie ncha yake kwa tochi ya simu: ikiwa na mfereji wa duara kama alama ya pete, badilisha. Ikiwa laini, safisha siti (tundu ambalo sindano huliziba) kwa pamba yenye petroli na upime tena. Msasa hapana, siti ni shaba, ukiikwaruza haitafunga tena.

Kipimo cha pili, usawa wa mafuta. Rudisha bakuli, funga kabureta wima, unganisha mpira mwangavu kwenye tundu la kumwagia, usimamishe kando ya bakuli. Fungua skrubu ya kumwagia, kisha koki. Toa mapovu yote, maana povu moja hudanganya rula. Usawa unaouona mpirani ndio uliomo bakulini. Linganisha na kabureta nzima ya aina ileile, uandike milimita ngapi chini ya ungio la gasketi. Subiri dakika 15 uone kama inadondosha.

Usawa uko sahihi lakini bado inadondosha? Kwenye bakuli zenye kijibomba cha shaba cha kutolea mafuta ya ziada, kikague. Ufa mwembamba kama unywele humwaga hata sindano ikiwa mpya. Floti nayo itikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka.

Jeti, yaani vipande vidogo vyenye tundu linalopima mafuta. Toa kipini cha bomba la sindano, unganisha jeti nchani kwa mpira, jaza maji safi, pima muda. Jeti kubwa mililita 20, ndogo mililita 5. Linganisha na jeti mpya ya namba na kampuni ileile. Inayochelewa imeziba. Inayowahi imepanuliwa kwa waya: kutoka milimita 0.95 hadi 1.00 tundu huongezeka eneo kwa karibu asilimia 11, na pikipiki itakunywa mafuta bila sababu inayoonekana. Zibua kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha upepo. Kausha kabla ya kufunga.

Njia ya sailensa (ya mafuta ya injini ikinguruma bila kuvutwa gesi) pulizia dawa ya kusafishia kupitia tundu la skrubu ya hewa. Lazima itokee kwenye vitundu vidogo karibu na slaidi, kile kipande kinachopanda ukivuta gesi. Vaa miwani, hurudi machoni.

Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ukiipeleka mahali palipo mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, itachanganya mafuta mengi kidogo kwa hewa iliyopo. Ikipita vipimo vyote na plagi bado nyeusi, angalia chujio la hewa lenye vumbi kwanza, halafu skrubu ya hewa, robo mzunguko kwa wakati.