Kisanduku cha tiki kikinyamaza: kupokea ndiyo na hapana kutoka kwenye fomu

Msimu uliopita niliitengenezea nyumba moja ya wageni hapa Lamu fomu ya kuweka nafasi. Ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha tiki: "Nije kupokewa na boti uwanja wa ndege wa Manda." Mgeni mmoja akaghairi. Akairudia fomu, akaondoa tiki, akahifadhi. Boti ikaenda vile vile, nahodha akakaa juani saa nzima, na mafuta nikalipa mimi.

Hatua ya 1: Jua kinachotumwa

Kisanduku chenye tiki hutuma jina lake na thamani yake. Usipokiandikia thamani, hutuma "on". Kisicho na tiki hakitumi 0 wala "false". Hakitumi kitu, hata jina halifiki kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea fomu. Kwenye ndoa, kimya cha mwari huchukuliwa kuwa idhini. Kwenye fomu mambo yamepinduka, na seva isipoelezwa haijui hata kwamba kuna mtu aliyenyamaza. Msimbo wangu ulikuwa ukibadilisha zile sehemu zilizofika tu. "boti" haikufika, basi hifadhidata ikabaki na 1 ya zamani, yaani ndiyo.

Hatua ya 2: Kipe kimya sauti

`<input type="hidden" name="boti" value="0">`
`<input type="checkbox" name="boti" value="1">`

Majina yakifanana, PHP (lugha ya programu ninayotumia kwenye seva) huchukua thamani ya mwisho, kwa hiyo iliyofichwa (`hidden`) itangulie. Ukizigeuza, utapata 0 daima. Mifumo mingine hukupa zote mbili kama orodha, basi chungulia kwanza kilichofika.

Mimi napenda zaidi kuiacha fomu ilivyo na kuuliza kwenye seva kama "boti" imefika:

`$boti = isset($_POST['boti']) ? 1 : 0;`

Lakini fanya hivyo pale tu kisanduku kilipoonekana kwenye ukurasa. La sivyo, mgeni akija kubadilisha namba ya simu tu, umemfutia boti yake.

Hatua ya 3: Usiyaamini maneno

Kinachotoka kwenye visanduku na sehemu za kuandikia hufika kikiwa maandishi. "false" ni herufi tano, na kwa PHP, JavaScript na Python maandishi yasiyo matupu huhesabiwa kweli. "0" ndiyo inayowagombanisha: PHP huiona uongo, JavaScript na Python huiona kweli. Kwa PHP tumia `filter_var` pamoja na `FILTER_VALIDATE_BOOLEAN`. Inazitambua "1", "true", "on" na "yes" kuwa kweli.

Hatua ya 4: Hifadhi

Kwenye hifadhidata ya MySQL, BOOLEAN (aina ya ndiyo/hapana) ni jina jingine la TINYINT(1), namba ndogo nzima. Weka 0 au 1, basi.

Maswali ya wanachama

*Langoni:* Shikamoo mwalimu. Nimeandika `checked="false"` lakini tiki haitoki.

Marahaba. Neno `checked` likiwepo tu, tiki ipo. Kilichoandikwa mbele yake hakisomwi. Liondoe lote. `disabled` na `required` zina tabia hiyo hiyo.

*Mkomani:* Na yule nahodha?

Nilimlipa. Sasa hatii moto mashine kabla ya kunipigia simu.

*Shela:* Nina wageni watatu, kila mmoja na kisanduku cha "hali samaki", jina `samaki[]`. Tiki ya mgeni wa tatu inamwangukia wa kwanza!

Ni kimya kile kile, kaka. Wawili hawakutuma kitu, kwa hiyo aliyefika peke yake akapewa namba 0. Andika namba mwenyewe: `samaki[0]`, `samaki[1]`, `samaki[2]`. Kila tiki itakaa kwa mwenyewe.

*Matondoni:* Natengeneza fomu ya zahanati. Mgonjwa asipotia tiki kwenye "Nina aleji ya dawa", niandike hana?

Usithubutu, dada. Huenda hakuliona swali. Hapo kisanduku cha tiki hakifai kabisa, maana majibu ni matatu: ndiyo, hapana, na hajajibu. Weka vitufe viwili vya redio, ndiyo na hapana, ambavyo huchaguliwa kimoja tu; usichague chochote kabla yake, utie `required` ili asipite bila kujibu. Kwenye hifadhidata iache safu ikubali NULL (yaani hakuna jibu) kwa wagonjwa wa zamani ambao hawakuwahi kuulizwa, na kwenye ukurasa wa daktari NULL iandikwe "hajaulizwa", isiachwe wazi.