Kinanda Kikikataa Kuhifadhi Wimbo, Usikizime

Skrini ikikuandikia kwamba faili haikuhifadhika, wimbo wako bado uko hai. Umo ndani ya memori ya muda, ile inayoishi kwa umeme peke yake. Kwenye Yamaha Motif ES, XS na XF, na kwenye Korg Triton, kila ulichorekodi kwenye sikwensa (kirekodi cha noti kilichomo ndani ya kinanda) hufutika pale unapobonyeza swichi ya kuzima. Wapigaji wengi huzima kinanda na kukiwasha tena kama wanavyofanya simu ikikwama, na hapo ndipo kazi ya wiki nzima huenda na maji. Basi kiache kinawaka. Usifungue wimbo mwingine wala faili lolote la zamani, kwa sababu litakaa juu ya ulichonacho. Usiguse waya wa umeme. Tafuta flashi nyingine, ujaribu tena.

Kwa bendi za Mombasa zinazotoka harusi ya Kisauni leo na ya Likoni kesho, stima ya kukatika na jenereta inayopanda na kushuka ni mambo ya kila wikendi. UPS ndogo ya VA 650, yaani betri ya akiba ya umeme, inatosha kukishikilia kinanda kwa dakika za kuhifadhi, mradi usichomeke amplifaya wala spika humo. Ila iwekwe kabla ya kuanza kazi. Kinanda kilichokwisha kuwaka huwezi kukihamishia UPS bila kukizima.

Sasa tafuta kosa liko wapi.

Anza na swali hili: ulibonyeza nini? Store au Write huandika sauti uliyoitengeneza katika memori ya kudumu ya kinanda. Save hupeleka faili kwenye flashi, kadi au disketi. Ni kazi mbili tofauti. Mtu akibonyeza Write kwenye Triton amehifadhi programu (sauti moja) au kombi (sauti kadhaa zilizounganishwa) moja, wala hajaugusa wimbo. Na hiyo Write nayo ikikataa, ingia Global, kwenye mipangilio ya jumla, utafute Memory Protect. Kisanduku kikiwa na alama, kinanda kinalinda memori yake kama kilivyoamriwa. Ondoa alama, andika, kisha uirudishe.

Ikiwa Save ndiyo inayokataa, mara nyingi lawama ni ya flashi. Kwanza hakikisha umeichomeka kwenye tundu bapa lililoandikwa To Device. Lile la mraba, To Host, ni la kuunganisha kompyuta. Ichomeke moja kwa moja, bila habu na bila waya wa kurefushia. Diski kubwa za nje ziache nyumbani, kwa kuwa nyingi huhitaji umeme zaidi ya ule ambao tundu la kinanda linaweza kutoa.

Halafu kuna fomati, yaani namna flashi inavyopanga faili zake. Vinanda hivi husoma FAT, hasa FAT32, na vya zamani FAT16 ambayo sehemu yake haizidi GB 2. Flashi kubwa zinazouzwa siku hizi huja na exFAT, na kinanda kikiiona hudai kwamba haijafomatiwa. Njia salama kuliko zote ni kuifomati kwenye kinanda chenyewe, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika. Ukilazimika kutumia Windows, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, weka FAT32 na uache ukubwa wa vipande kama ulivyo. Flashi ikizidi GB 32, kwenye Windows nyingi chaguo la FAT32 halitatokea kabisa, kwa hiyo nunua ya GB 8 au 16 na uachane na usumbufu. Faili za kinanda ni ndogo. Kwenye Mac, kuchagua MS-DOS (FAT) pekee hakutoshi: mpangilio wa diski nao uwe Master Boot Record, kwa maana vinanda vingi havisomi mpangilio ule mwingine, GUID.

Jihadhari pia na flashi bandia. Ile ya GB 512 inayouzwa kwa bei ya chai na mahamri huwa na uwezo mdogo sana ndani yake. Itapokea faili bila kulalamika, na ikishajaa kweli inaandika mapya juu ya yaliyotangulia. Jina la faili utaliona, lakini ndani ni takataka. Kabla ya kuiamini flashi mpya, ipime kwenye Windows kwa programu ya H2testw, au F3 kwenye Mac na Linux.

Kuna ujumbe mmoja unaochanganya watu: diski imejaa, na wewe unaona nafasi tele. Kwenye FAT16 folda ya juu kabisa ina nafasi 512 tu za majina, na jina refu hula zaidi ya nafasi moja. Faili ulizozirundika hapo zihamishie kwenye folda, na utumie majina ya herufi na tarakimu zisizozidi nane, kama HARUSI01. Vinanda vya zamani havijui majina marefu hata kidogo.

Tatizo linalouma zaidi ni lile linalojitokeza baadaye: wimbo umehifadhika, unafunguka, lakini sauti siyo zenyewe. Palipokuwa na fidla panatoka tarumbeta. Hapa faili halijaharibika. Wimbo hauna sauti ndani yake; una noti, na namba ya sauti ya kuitwa. Kwenye Korg, SNG ni wimbo, PCG ni programu, kombi na seti za ngoma. Ukihifadhi SNG peke yake na kesho mtu akabadilisha programu zilizomo kwenye kinanda, wimbo utaita namba ileile na kujibiwa na sauti nyingine. Kwa hiyo chagua Save All. Kwenye Motif, hifadhi faili la aina ya All, lenye herufi X3A mwishoni kwenye XF.

Ukiwa umerekodi sampuli zako, tuseme nyuzi za udi au mpigo wa chakacha kutoka ngoma halisi, kuwa mwangalifu maradufu. Faili la KSC la Korg si sauti. Ni orodha inayosema sauti ziko wapi. Zenyewe zimo katika KMP na KSF, ndani ya folda inayokaa kando ya KSC. Ukimtumia mwenzako KSC bila folda, atafungua na kukuta kimya kitupu. Nakili vyote kwa pamoja, na usibadilishe majina kwenye kompyuta. Kwenye Motif XF sampuli hupotea ukizima, isipokuwa kama umefunga bodi ya flashi ya FL512M au FL1024M na kuzihamishia huko.

Wenye Triton ya kwanza au Roland XP-80 bado wana disketi. Ikikataa kuandikwa, igeuze: kitundu cha pembeni kikiwa wazi, imefungwa isiandikwe; sukuma kile kipande cha plastiki kizibe. Ujazo ni MB 1.44, yaani kama sekunde 15 tu za sampuli ya mono kwa 48 kHz na biti 16, kwa hiyo sampuli ndefu zitadai disketi nyingi. Disketi nzuri ni adimu sasa, na watu hufunga Gotek, kifaa kinachojifanya drivu ya disketi, mahali pa drivu ili watumie flashi. Kwenye Korg M1 ya 1988, skrini ikisema Battery Low, betri ya ndani ya CR2032 imechoka. Ukiitoa, memori inafutika. Toa kwanza data kwa SysEx (ujumbe unaobeba memori ya kinanda) kupitia MIDI, njia ya vinanda kutumiana noti na data, uipokee kwa programu ya MIDI-OX kwenye Windows au SysEx Librarian kwenye Mac.

Na kama hakuna flashi inayokubali, wimbo uko ndani na muda unayoyoma? Utoe kwa MIDI. Unganisha To Host na kompyuta, au MIDI OUT na kifaa cha kuunganishia. Kwenye Korg, kila traki iwe BTH (ndani na nje) au EXT (nje tu). Traki iliyowekwa INT (ndani tu) haitoi noti nje. Acha saa ya kinanda iwe ya ndani, weka tempo ileile kwenye programu ya kurekodia, zima kurudishwa kwa MIDI kutoka kompyuta hadi kinanda ili noti zisijirudie, rekodi chaneli zote 16, kisha bonyeza kucheza tangu mwanzo hadi mwisho. Utapata noti zote. Rekodi pia sauti kutoka matundu ya Output, uwe na kumbukumbu ya jinsi ulivyosikika.

Wimbo ukishaokoka, ndipo uzime na kuangalia tundu la USB. Hewa ya chumvi ya Pwani hula vyuma vya mguso, hasa kwenye vinanda vinavyolala kumbini karibu na ufuo. Pitisha pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye chuma cha flashi, ichomeke na kuichomoa mara chache, iache ikauke kabla ya kuwasha.

Kila unapohifadhi, usichomoe flashi mpaka ujumbe wa skrini uondoke na taa yake itulie. Kisha fungua orodha ya faili uangalie ukubwa: likisoma 0, halijaandikwa. Weka nakala ya pili kwenye flashi nyingine, zima, washa, ufungue faili kutoka kila moja na usikilize wimbo mpaka mwisho.